Mwalimu Aliyengoja Stima Ipotee

Stima ilipopotea pale Kimulot, nyumba ya Mwalimu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuingia giza na ya mwisho kutoka, ingawa ndiyo iliyokuwa na betri nyingi kuliko nyumba zote za upande wetu wa barabara. Sisi majirani tuliwasha taa ndogo za sola, mishumaa, au tochi za simu. Kwa Mwalimu kulikuwa na betri tano chini ya kitanda cha wageni, mbili nyuma ya mlango, na moja ndani ya sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni. Mke wake, Mama Cherono, alisonga ugali kwa mkono mmoja na kushika mshumaa kwa mkono wa pili, hatua tatu kutoka kwenye sanduku hilo. Nilimkuta hivyo jioni moja nilipoenda kuomba chumvi, nikamuuliza kwa nini asiwashe hata balbu moja.

"Hizo ni za dharura," akasema bila kugeuka.

"Na hii si dharura?"

"Hii ni stima imepotea tu, Sista. Dharura bado haijakuja."

Nilikuwa muuguzi wa zahanati ya pale, Mkisii niliyehamishiwa Kimulot, huko Konoin, nikidhani nitakaa mwaka mmoja, nikakaa tisa. Nyumba niliyopanga ilipakana na ya Mwalimu kwa ua wa michongoma. Alikuwa amestaafu kabla sijafika. Alifundisha fizikia sekondari, na watu wote walimwita Mwalimu, wakiwemo wale aliowaangusha mtihani, ambao kwa kweli ndio walikuwa wengi. Habari za alikozaliwa na ukoo wake sikuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kueleza jambo ambalo hujauliza.

Mapenzi yake yalikuwa redio. Si redio ya kusikiliza habari na salamu za wasikilizaji. Hii ilikuwa redio ya kuongea. Kuna watu wametawanyika duniani kote wanaofanya mtihani, wakapewa leseni na herufi zao za kuitwa, kisha wakatafutana hewani kwa ridhaa tu, bila mshahara na bila kuuza kitu. Mwalimu alikuwa mmoja wao. Waya mrefu ulitoka pembe ya paa lake hadi kwenye mkaratusi wa mpakani, na katika miaka yote niliyokaa pale Mama Cherono hakuruhusiwa kuanika hata soksi kwenye waya huo. Majirani waliuita mtambo wake "redio call", kama za askari. Jina hilo lilimuudhi, kwa hiyo likashika.

Mwaka wangu wa kwanza, naibu wa chifu alikuja kumhoji. Wazee wawili walikuwa wamelalamika kwamba Mwalimu anapima mashamba ya watu kwa siri ili ayapeleke kwa kampuni. Mimi nilikuwa upande wangu wa ua nikifua, nikasikia yote.

"Mwalimu, hiyo kitu unaongea na nani?"

"Wiki hii nimempata mtu wa Bulgaria."

"Na mnaongea nini na yeye?"

"Namwambia ninamsikia."

"Na yeye?"

"Ananiambia ananisikia."

"Halafu?"

"Halafu tunaagana."

Naibu wa chifu alivua kofia yake, akaivaa tena. Nadhani kama Mwalimu angekiri kwamba anapima mashamba, mambo yangekuwa rahisi zaidi kwa kila mtu. Mwishowe akaomba maji ya kunywa, akaenda zake, na wazee wakaambiwa kwamba jambo hilo linachunguzwa.

Uso kwa uso, Mwalimu alikuwa mtu wa kumung'unya. Ulimsalimia "Chamge" pale kituo cha kuuzia majani, naye akajibu kitu kama mtu aliye na viazi moto mdomoni. Lakini akikaa mbele ya ile redio, sauti yake ilinyooka, kila neno likatoka peke yake, limepigwa pasi. Nilikuwa namsikia kupitia ua akitamka herufi zake kama msomaji wa kanisani. Mama Cherono aliniambia siku moja, bila uchungu wowote, kwamba akitaka kusikia mume wake amesema nini huenda akasimama nje ya dirisha anapoongea na Wazungu.

Tena alikuwa na tabia ya kukurudisha nyuma. Ukimwambia jambo lolote, alisema, "Rudia." Ulirudia, naye akakurudishia maneno yako mwenyewe, moja baada ya jingine, kuhakikisha yamefika. Ukimwambia ng'ombe wako ameingia kwenye mahindi yangu, utarudia mara mbili, atakurudishia mara moja, na wakati huo ng'ombe anaendelea na kazi yake.

Imani yake ilikuwa moja. Siku itakuja ambapo kila kitu kitazima pamoja: stima, simu, barabara. Siku hiyo watu watakumbuka kwamba katikati ya majani chai kuna mtu mmoja ambaye hakutegemea nguzo ya mtu. Aliisubiri siku hiyo kwa furaha ambayo hakuweza kuificha. Mawingu yakijaa upande wa msitu wa Mau, sisi tulikimbia kuanua nguo. Mwalimu alinyoa ndevu.

Neno alilolipenda kuliko yote ni "kubebeka". Umeme wa akiba, alisema, lazima ubebeke, kwa sababu dharura haiji nyumbani kwako kila wakati, nyingine utaifuata. Betri yake ya kwanza ya kubebeka ilikuwa imetolewa kwenye trekta. Nilimuuliza ni nini hasa kinachofanya kitu kiwe cha kubebeka.

"Kikiwa na mkono wa kushika," akasema.

Sanduku lake la bati lilikuwa na mikono miwili. Ilihitajika watu wawili kuliinua na wa tatu kufungua mlango. Baadaye binti yake, Cherono, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Fort Ternan, alimletea betri mpya ya lithiamu, nyepesi, unaweza kuibeba kwa mkono mmoja kama kuku. Mwalimu aliishuku papo hapo. "Nyepesi hivi, nguvu yake iko wapi?" Aliiweka ndani ya lile sanduku, na kwa kuwa sasa palikuwa na nafasi, akaongeza waya za akiba, nyundo, vitabu viwili, paneli ya sola ya kukunja na betri ndogo ya kusaidia betri. Mwisho wa wiki sanduku lilikuwa na uzito wake wa zamani, naye akatulia.

Mara moja kwa mwaka alifanya zoezi la dharura. Lilikuwa la kushtukiza, na Mama Cherono aliambiwa wiki mbili mapema saa atakayoshtuka. Walipanda kilima cha nyuma ya mashamba, yeye na mke wake na wachuma chai wawili walioombwa kushika mikono ya sanduku, Mama Cherono akiwa na chupa ya chai. Juu huko Mwalimu alitandaza paneli yake juu ya majani chai kama blanketi ya mgonjwa, akaketi kungoja jua lijaze betri. Saa nane mvua ilikuja, kama inavyokuja kwetu karibu kila siku ya Mungu. Walirudi wameloa. Katika daftari lake aliandika: zoezi limefaulu.

Nilisema hakuna balbu iliyowashwa kwa betri zile. Simu nazo zilikatazwa. Stima ikipotea siku mbili, akina mama walikuja langoni na simu zao zilizokufa, naye aliwarudisha. Hakuwarudisha kwa ukali. Aliwaeleza tu kanuni. "Betri haina huruma, ina volti," alisema, na akina mama wakamtazama, wakaondoka. Alichukia simu kwa sababu simu ndizo zilizowafanya watu wadhani hawamhitaji. Pikipiki alizichukia pia, kwa sababu injini zake zilitia mkwaruzo kwenye redio, na waendesha bodaboda wote wa Kimulot walijua kuzima mbele ya lango la Mwalimu na kusukuma kwa miguu hadi wapite.

Kuna jambo moja sikulitilia maanani wakati huo. Katika mwaka wangu wa saba, sauti yake ilipotea kwenye ua. Redio iliwashwa, nilisikia mivumo na miluzi yake kila alasiri, lakini Mwalimu mwenyewe hakutamka kitu. Nilidhani ni uzee. Sanduku aliendelea kulijaza na kuliandika kwenye daftari kila jioni, namba baada ya namba. Ila alilalamika kwamba ile betri mpya ina ugonjwa. Inapungua usiku bila kutumiwa. Alifungua, akapima, akafunga, akabadilisha waya, kwa karibu miaka miwili. Hakupata ugonjwa wowote.

Kisha dharura ikaja.

Ilikuwa msimu wa mvua ndefu, na mvua ya mwaka ule haikujua kupumzika. Stima ilikuwa imepotea siku ya tatu. Mnara wa simu ulidumu siku moja kwa jenereta yake, kisha nao ukanyamaza. Asubuhi hiyo ya tatu, kipande cha kilima kilishuka kwenye barabara ya kuelekea Mogogosiek, matope na miti pamoja, na njia ya chini haikupitika kwa sababu mto ulikuwa umekula daraja. Saa nne hivi, kijana wa bodaboda anayeitwa Wesley alimleta mke wake, Mercy, zahanati. Alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri. Nilimpapasa tumbo, nikajua kabla sijamaliza. Mtoto alikuwa amelala mlalo, kichwa ubavu huu, makalio ubavu ule. Mtoto aliyelala hivyo hatoki kwa njia ya kawaida. Mercy alihitaji upasuaji, na mimi nilikuwa na glavu, dripu na maombi.

Nilimtuma Wesley aende kwa miguu kutafuta mahali penye mtandao. Alirudi baada ya saa moja akiwa matope hadi kiunoni. Kilima kilikuwa bado kinatembea, akasema, kinameza mguu. Nilimwacha Mercy na mwenzangu wa zahanati, nikakimbia kwa Mwalimu na gambuti zangu, Wesley nyuma yangu akisukuma pikipiki, injini ameizima tangu zahanati kwa mazoea ya lango la Mwalimu.

Mwalimu alikuwa ameketi mbele ya redio, amenyoa, amevaa koti. Nilimweleza.

"Rudia," akasema.

Nilirudia, na nakiri kwamba nilirudia kwa kupiga kelele. Alinirudishia maneno yangu yote, polepole. Kisha hakuinuka.

"Sista, mimi siwezi kuita."

"Redio imeharibika?"

"Redio ni nzima. Leseni ndiyo imekufa. Miaka miwili sasa." Alikuwa anaongea na meza. "Siku hizi inafanywa kwa kompyuta. Inataka neno la siri. Mimi nilisahau neno la siri."

"Si ungeenda pale sayba kwa yule kijana wa kompyuta, akusaidie?"

"Yule nilimfundisha," akasema. "Alipata E."

Kwa hiyo, mtu aliyejiandaa kwa siku hii kwa muda wote huo alikuwa ameketi miaka miwili akisikiliza dunia ikiongea, asiweze kujibu, kwa sababu ya kanuni ambazo hakuna mtu mwingine Kimulot nzima aliyejua kwamba zipo. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. Wesley alisimama mlangoni, matope yakimdondoka kwenye saruji ya Mama Cherono.

Mwalimu alimtazama yule kijana kwa muda. Kisha aliinuka, akafunga kifungo cha juu cha koti, akasema kwa ile sauti yake ya hewani, "Maisha yakiwa hatarini, mtu yeyote anaweza kutumia njia yoyote aliyo nayo kuita msaada."

"Kanuni inasema hivyo?" nikauliza.

"Inasema hivyo. Nilikuwa nawafundisha wengine." Akafungua sanduku.

Daftari lilisema betri imejaa. Kipimo kilisema imebaki kidogo sana. Aligonga kipimo kwa kidole. Tulikimbilia zile za chini ya kitanda na za nyuma ya mlango, na hapo ndipo nilipojua kwamba zote zilikuwa zimekufa zamani. Alizihifadhi jinsi watu wanavyohifadhi picha za mazishi.

"Ni simu," akasema Mama Cherono kutoka jikoni.

"Simu gani?"

"Za watu. Jana zilikuwa kumi na moja. Kuna waya nimepitisha nyuma ya kabati." Akanitazama kidogo. "Ya Sista pia ilikuwa."

Nilitazama gambuti zangu. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli kwa miaka miwili.

Mwalimu alimtazama mke wake, kisha sanduku, kisha mke wake tena. Nilidhani atapasuka. Alishusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kwa hivyo betri haina ugonjwa," akasema.

Kisha akamgeukia Wesley na kumwambia maneno ambayo sidhani kama aliwahi kuota atayasema. "Leta pikipiki hapa dirishani."

Waliunganisha waya kutoka betri ya pikipiki hadi kwenye sanduku, kupitia dirishani, Mama Cherono akishika pazia. Mwalimu alipunguza nguvu ya redio hadi karibu na kunong'ona, akampa Wesley maagizo. Nikiongea, washa, betri ipate nguvu. Nikinyamaza, zima, nisikie. Basi Wesley, mke wake akiwa zahanati katika hali ile, alisimama kwenye mvua akipiga kiki ya pikipiki kila Mwalimu alipoinua mkono, na kuizima kila alipoushusha.

Aliita Kenya kwanza. Hakuna. Wenzake wa hapa nchini ni wachache, na saa ile watu wako kazini. Aliita tena kwenye wimbi jingine. Kiki, kelele, zima, kimya. Baadaye alinieleza kwamba lile wimbi la pili hupaa juu, likaruka Kericho, likaruka Nairobi, likaenda kutua mbali kabisa. Nusu saa ilipita hivyo. Mara, kutoka katikati ya mivumo, sauti ya mzee fulani ikamwita kwa herufi zake. Alikuwa Ufini.

Walizungumza Kiingereza. Mwalimu alimjibu, akampa herufi zake, kisha akaanza kumwambia jinsi anavyomsikia: maneno yanaeleweka, nguvu ni ya wastani, kuna mkwaruzo. Akamuuliza yeye anamsikiaje. Hapo nilishindwa.

"Mwalimu! Mama anakufa na wewe unauliza habari za mkwaruzo!"

Alishusha mkono. Wesley akazima. "Sista," akasema, bila hasira, "kama hanisikii sawasawa, ambulensi ataituma wapi?"

Akainua mkono tena, na Wesley akapiga kiki. Alitamka jina la Kimulot herufi kwa herufi. Alitamka kwamba mama ana mtoto aliyelala mlalo, barabara imefungwa upande huu wa Mogogosiek, ambulensi ije hadi kwenye maporomoko na mtu atafute trekta ya kuvuka. Alitamka namba ya simu ya mkubwa wangu wa wodi ya uzazi, tarakimu moja moja, kutoka kwenye karatasi niliyomwandikia. Kisha akasema lile neno lake. Rudia. Yule Mfini akarudia yote, polepole, na tarakimu ya sita ikawa si sahihi. Mwalimu akaisahihisha. Rudia. Sasa ikawa sahihi.

Tulikaa tukingoja. Pikipiki ilizimwa ili Mwalimu asikilize, na tukasikia mvua kwenye mabati, na Mama Cherono akimpa Wesley chai kupitia dirishani. Dakika ishirini labda. Kisha yule mzee akarudi. Wanakuja, akasema. Mama wa hospitali amemuuliza mara tatu kama amelewa, lakini wanakuja.

Wachuma chai sita walimbeba Mercy kwa machela hadi ukingo wa matope, mimi nikishika dripu juu kama bendera. Upande wa pili tuliona ambulensi, na mbele yake trekta ya kiwanda, dereva akiwa ni mtu mfupi mwenye kofia ya sufu aliyeingia kwenye yale matope kana kwamba anaingia sebuleni kwake. Alivuka. Mercy alilazwa kwenye trela juu ya magunia ya majani chai, nikapanda naye, tukavuka tena. Kabla ya jua kuzama alikuwa amepasuliwa, na mtoto wa kiume alikuwa analia vizuri.

Mtoto aliitwa Japheth. Ndilo jina la dereva wa trekta.

Ibada ya shukrani ilifanyika baada ya wiki chache. Dereva Japheth aliitwa mbele, akapigiwa makofi, akapewa blanketi. Naibu wa chifu alishukuru serikali. Wesley alisimulia habari za pikipiki yake, jinsi ilivyowaka kwa kiki moja kila mara, na akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilisimama nikasema kwamba Mwalimu ndiye aliyeita, na watu wakageuka wakamtazama pale safu ya nne, wakamtikisia kichwa kwa heshima. Lakini jambo lenyewe lilikuwa gumu kueleza, kwamba alimwambia mtu wa Ufini apige simu hospitali ya hapa hapa. Trekta kila mtu aliiona.

Kilichomuumiza Mwalimu hakikuwa hicho. Alikuwa akingoja kushtakiwa. Alitangaza herufi zake mbele ya dunia nzima bila leseni, na alikuwa na hakika kwamba barua itakuja, au gari, au maofisa wawili wenye karatasi. Aliandaa utetezi wake, kurasa nne, kwa mwandiko wa ubaoni. Alinisomea. Ulikuwa utetezi mzuri, na sehemu ya pili ilinitoa machozi. Mwezi ukapita. Mwezi wa pili. Hakuna aliyekuja. Mwishowe akajishtaki mwenyewe. Aliandika barua akaeleza kosa lake kwa ukamilifu, akaituma kwa posta kwa ofisi inayotoa leseni. Alijibiwa kwa barua fupi ya adabu iliyomshukuru kwa kupendezwa na mambo ya redio, na kumweleza jinsi mtu mpya anavyoweza kuanza.

Aliniletea niisome. Nikasema ni barua nzuri.

"Ni nzuri," akasema. "Hawakusikia."

Baada ya mwaka mmoja nilihamishwa. Mama Cherono alifariki nikiwa sipo, nikaja mazishi na kurudi siku hiyo hiyo. Nikasikia kwamba Cherono amemchukua baba yake Fort Ternan, kwenye joto. Ile redio alimwachia yule kijana wa sayba, aliyepata E, ambaye siku hizi ana leseni.

Nilimtembelea mara moja, mwaka jana, nikitoka Kipkelion kwa kazi. Alasiri moja ya mvua. Cherono alinipokea kwa kunikumbatia, akaniambia taratibu kwamba masikio ya baba yamekwisha, niongee kwa nguvu au nisiongee. Nyumba yake ilikuwa imewekwa sola juu ya paa zima, betri ukutani ndogo kama kabati la dawa, taa kila chumba, friji, runinga kubwa. Wajukuu watatu walikuwa wamelala kifudifudi mbele ya runinga. Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha kona, amezeeka, safi, na kiti chake hakikuelekea runinga. Kilielekea ukuta wa pili, penye kile kijisanduku cha kuingizia token, zile namba za kulipia stima, chenye kitaa chekundu kinachowaka stima ikiwepo.

Alinitambua. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Nilimwambia habari za Kimulot, nani ameoa, nani amepanda parachichi, na kila mara alisema "Rudia," lakini nadhani safari hii alihitaji kweli.

Katikati ya maneno yangu aliinua kidole.

"Imepotea," akasema.

Cherono alitoka jikoni. "Nini, Baba?"

"Stima."

"Haijapotea, Baba. Ona taa." Alinigeukia na lile tabasamu la watu wanaolea wazazi. "Ona runinga, inaendelea."

Ni kweli iliendelea. Watoto hawakuinua hata kichwa. Mimi nilitazama ukutani. Kile kitaa chekundu kilikuwa kimezima. Nilienda hadi dirishani, nikatazama kituo cha biashara pale chini ya mvua, maduka yote meusi, na mtu mmoja akivuta jenereta yake mlangoni.

"Ni kweli imepotea," nikasema.

"Ah," akasema Cherono, "hata hatungejua," akarudi jikoni.

Mwalimu alikuwa ameketi mbele kidogo kwenye kiti, mgongo wima, mikono juu ya magoti. Mtu aliyemwona angedhani anataka kuinuka. Alikaa hivyo muda, akitutazama mmoja mmoja, watoto, mimi, mlango wa jikoni, kama mtu anayengoja kuona ni nani atakayemwita. Hakuna aliyekosa kitu. Alipohakikisha hivyo, aliegemea tena, akaniomba niendelee na habari za parachichi.